Kumtunza Kasuku Mdogo Nyumbani

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya ndege mdogo ambaye watu wengi humpenda kwa rangi zake na uchangamfu wake, wakamnunua na kumtia ndani ya tundu, bila kuuliza kwanza ndege huyo ataka nini ili apate kuishi. Ndege mwenyewe ni kasuku mdogo. Simneni yule kasuku mkubwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, atokaye misitu ya Kongo, ambaye amesifiwa sana kwa kuiga maneno ya watu. Namnena yule mfupi, asiyefikia shibiri moja toka kichwa mpaka mkia, ambaye wengine humwita cherero.

Neno lisikikalo mara nyingi kwa watu wafugao ndege hawa ni hili: "Jana alikuwa mzima kabisa, na leo asubuhi nimemkuta amekufa chini ya tundu." Basi hapo mmoja husema ni baridi ya usiku, mwingine husema ni kijicho cha jirani, na wa tatu hunyamaza akaenda kununua ndege mwingine. Lakini aghalabu ndege yule hakuwa mzima jana. Alikuwa mgonjwa kwa siku nyingi, wala hakuonyesha.

Hiyo si ajabu ukifikiri asili yake. Ndege hawa huishi porini kwa makundi, na mwewe huwavizia juu. Mwewe hapotezi nguvu zake kumfukuza mwenye mbio. Humtazama aliye dhaifu, akamshukia yeye. Kwa hiyo kasuku mdogo aonaye ugonjwa hujikaza, hukaa wima, hujifanya kula, naye haachi kujikaza mpaka nguvu zimemwishia kabisa. Tabia hiyo humwokoa porini, lakini nyumbani humwua, kwa kuwa bwana wake hupumbazika akadhani mambo ni mema. Ndiyo maana nataka mshike neno moja katika haya yote nitakayosema: uhai wa ndege huyu umo katika macho ya yule amfugaye. Chakula chema na tundu safi ni lazima, lakini havitoshi pasipo mtu wa kumtazama kila siku kwa kumjua.

ASILI YAO

Wataalamu wa ndege huita jamii hii Agapornis, jina lililotungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake upendo na la pili ndege. Wamo aina 9 katika jamii hii. Aina 8 hukaa bara la Afrika, na moja hukaa kisiwa cha Madagaska. Aina mbili zijulikanazo sana duniani kwa kufugwa asili yao ni Tanzania. Ya kwanza ni yule mwenye uso wa rangi ya chungwa iliyoiva, mdomo mwekundu na mwili wa kijani kibichi, akaaye kusini ya ziwa Victoria na nyika za Serengeti. Mtaalamu Anton Reichenow wa Ujerumani alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka wa 1887, akampa jina la Gustav Fischer, mganga na msafiri wa Kijerumani. Ya pili, iliyoandikwa na Reichenow huyo huyo katika mwaka ule ule, ni yule mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, akaaye nyanda za kati za Tanzania. Wote wawili wana duara nyeupe ya ngozi kuzunguka jicho, kama mtu aliyevaa miwani.

Ndege wa Fischer ana urefu wa sentimita 15 hivi, na uzito wake ni kama gramu 50, yaani hauzidi uzito wa yai la kuku. Dume na jike wafanana sana, hata mtu hawezi kuwapambanua kwa kuwatazama tu. Hula mbegu za nyasi na miti, na mara nyingine huingia katika mashamba ya nafaka. Hunywa maji kila siku, kwa hiyo hawaendi mbali na maji. Hutaga ndani ya mapango ya miti, na jike huchukua vijiti na maganda ya miti kwa mdomo wake kujengea kiota. Mume na mke hukaa bega kwa bega, wakichambuana manyoya, nao huwa pamoja siku zote.

Wako pia kasuku wadogo wa Australia, wembamba, wenye mikia mirefu, ambao wafugwa sana mijini. Mashauri mengi tutakayotoa leo yawafaa na wao.

KABLA YA KUNUNUA

Yampasa mtu ajue ndege atakayemnunua ametoka wapi. Katika miaka ya 1980 ndege wa Fischer walinaswa kwa wingi mno katika Tanzania na kupelekwa ng'ambo kuuzwa, hata idadi yao porini ikapungua. Wengi hufa kabla ya kufika, maana ndege wa porini aliyetiwa ghafula ndani ya sanduku, pamoja na wenzake wengi, huacha kula kwa hofu. Mwaka wa 2007 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kabisa kuingiza ndege wa porini kwa biashara, na mwaka wa 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Hata hivyo ndege hawa wangali wakihesabiwa miongoni mwa wale waliokaribia kuwa katika hatari.

Basi usinunue ndege kwa mtu apitaye njiani na kikapu. Ndege wa namna hiyo aghalabu amenaswa porini, ni mwoga, na huenda amechukua ugonjwa. Nunua aliyezaliwa tunduni. Alama yake njema ni pete ya mguuni isiyo na kiungo. Pete hiyo huvishwa kinda akiwa na umri wa siku chache, wakati mguu ungali mwembamba. Ndege mkubwa hawezi kuvishwa. Tena uulize kwanza ofisi ya wanyamapori ya mahali pako juu ya kibali. Kenya ina sheria yake ya wanyamapori ya mwaka wa 2013, na Tanzania ina yake ya mwaka wa 2009, na katika nchi zote mbili si halali mtu kujifugia mnyama wa porini apendavyo.

Jambo jingine la kufikiri mapema ni umri. Kasuku mdogo akitunzwa vema huweza kuishi miaka 10, hata 15. Mtoto aombaye ndege akiwa darasa la kwanza aweza kuwa mtu mzima na ndege wake angali hai. Asiye tayari kwa muda huo heri asianze.

TUNDU NA UWENZI

Watu wengi hununua tundu refu la kwenda juu kwa sababu lapendeza macho. Lakini ndege huruka kwa upande, hapandi kama moshi. Tundu limfaalo ni lenye upana kuliko kimo. Kwa ndege wawili, urefu wa sentimita 80 toka upande mmoja hata wa pili ndio wa chini kabisa, na likizidi ni vema zaidi. Nafasi baina ya waya na waya isizidi sentimita moja na nusu, asije akapenyeza kichwa kikanaswa. Waya mpya uliopakwa zinki una hatari, kwani kasuku hupanda kwa mdomo na kuutafuna, na zinki ni sumu kwake; usugue kwa brashi na siki, kisha uusuuze kwa maji mengi kabla ya kumtia ndege. Kadhalika tundu la zamani lililopakwa rangi ya mafuta inayobanduka lisitumike, kwani huenda ndani ya rangi ile mna risasi.

Vijiti vya kutulia visiwe vyote vya unene mmoja. Kata matawi ya mpera, yenye unene mbalimbali, uyaoshe na kuyakaza. Mguu wa ndege akaaye siku zote juu ya kijiti kimoja laini hupata vidonda chini, kama mtu avaaye kiatu kimoja kibaya mwaka mzima. Tena atalitafuna ganda la tawi, na kazi hiyo humfurahisha na kuupunguza mdomo wake, ambao hauachi kukua. Mpe pia ukuti mbichi wa mnazi auchane. Usikate tawi la mparachichi, wala la mti usioujua.

Liweke tundu mahali palipo na watu na nuru, kwa kimo cha kifua cha mtu, upande mmoja ukiegemea ukuta ili ndege ajione salama. Lisiwe mlangoni penye upepo, wala juani pasipo kivuli, maana ndege aliyefungwa hawezi kukimbia joto. Jua likichwa mpe giza na kimya. Katika nchi zetu, zilizo karibu na ikweta, usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, na hizo ndizo saa alizozoea tangu asili. Ndege aliyewekwa sebuleni penye taa na redio hata usiku wa manane hukosa usingizi, akawa mkali, na mwisho hujing'oa manyoya.

Sasa twaja kwenye swali: awe mmoja au wawili? Ndege huyu hakuumbwa kukaa peke yake. Akiwa mmoja, hapana budi wewe mwenyewe uwe mwenzake, uzungumze naye na kumtoa nje ya tundu kwa saa kadhaa kila siku. Mtu aondokaye alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku asimfuge mmoja. Afuge wawili wa aina moja. Usichanganye yule mwenye uso wa chungwa na yule mwenye kichwa cheusi, kwa sababu watazaa chotara, na aina zote mbili zitapotea. Wala usimtie mgeni mara moja ndani ya tundu la mwenyeji. Jike hasa hulinda mahali pake kwa ukali, naye aweza kumkata mgeni vidole vya mguu. Weka matundu mawili yakitazamana kwa majuma machache, wazoeane kwanza.

Umtoapo aruke chumbani, funga madirisha, zima pangaboi, funika kila chombo cha maji, na paka atoke nje. Ndege wengi wamekufa ndani ya ndoo.

CHAKULA

Wauzaji wengi husema kwamba mbegu zatosha. Hazitoshi. Ndege alishwaye mbegu kavu tu hukosa vitamini A, na akiikosa kwa muda mrefu ngozi laini ya puani na kooni huharibika, akashikwa na maradhi ya kifua. Alizeti na karanga, azipendazo mno, zina mafuta mengi. Akipewa kila siku hunenepa na ini lake huharibika. Kwa hiyo mbegu zake ziwe hasa uwele, mtama na ulezi, vijiko viwili vidogo vya chai kwa ndege mmoja kwa siku, na alizeti chache tu ziwe tuzo ya mkononi.

Juu ya hizo, mpe kila siku majani mabichi na matunda: mchicha, sukuma wiki, karoti iliyoparuzwa, boga, kiazi kitamu cha rangi ya manjano, papai, na embe kidogo. Mpe hata pilipili. Mtu atacheka akisikia hivyo, lakini ule ukali uunguzao ulimi wetu ndege hausikii kabisa. Yeye hula pilipili kama sisi tulavyo tango, na vitamini yake humfaa. Akikataa majani siku ya kwanza usikate tamaa. Hakijui chakula hicho. Mfungie jani bichi waya wa juu, likiwa na maji maji, naye ataanza kulichezea, na baada ya siku kadhaa atalila.

Vipo vyakula ambavyo ni haramu kwake kabisa. Cha kwanza ni parachichi, na hili lataka kutiliwa nguvu, kwa sababu katika nyumba zetu parachichi ni tunda la kila siku, na mtoto aweza kumpa ndege kipande kwa wema. Ndani ya parachichi mna kitu kisichomdhuru mtu, lakini huudhuru moyo wa ndege, naye aweza kufa siku ile ile au ya pili yake. Kadhalika usimpe chokoleti, kahawa, chai, pombe, wala vyakula vya chumvi nyingi.

Angalia tena ukungu. Nafaka na karanga zilizowekwa mahali penye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka wa 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125. Ikiwa yaweza kumwua mtu mzima, sembuse ndege wa gramu 50? Nunua mbegu kidogo kidogo, uzinuse, na zenye harufu ya uvundo uzitupe, ijapokuwa umezilipia.

Ipo hatari nyingine, ndogo kwa kuitazama. Kasuku hali mbegu pamoja na ganda lake. Huimenya kwa mdomo, akala kiini, na kumvi zikabaki ndani ya kisahani. Mtu akitazama huona kisahani kimejaa, akaenda zake. Kumbe zilizojaa ni kumvi tupu, na ndege ana njaa. Kila asubuhi mwaga kisahani kile uweke mbegu mpya, wala usikitazame kwa juu ukaridhika. Maji pia yabadilishwe kila siku, na chombo kisuguliwe, kwani utelezi uliomo ndani ya kikombe ni makao ya vijidudu.

Kwa nguvu za mifupa mtundikie ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi uokotwao ufuoni, au mpe maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Jike ahitaji hayo kuliko dume, maana jike aliyepungukiwa na chokaa mwilini huweza kukwamwa na yai, akafa nalo. Jike hutaga hata pasipo dume. Kama hutaki makinda, usimpe kijumba cha kiota, maana kila akionapo pango huona amri ya kutaga.

HEWA YA NYUMBANI

Katika mambo yote yawauayo ndege hawa, hili ndilo lisilodhaniwa. Mapafu ya ndege si kama yetu. Kwetu sisi hewa huingia na kutoka kwa njia ile ile. Ndege ana mifuko ya hewa ndani ya mwili, iliyoungana na mapafu, nayo huisukuma hewa ipite mapafuni kwa kuelekea upande mmoja daima, avutapo pumzi na atoapo. Ni chombo cha ajabu, kimpacho nguvu za kuruka. Lakini chombo kifyonzacho hewa njema upesi hufyonza na mbaya upesi vile vile. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walijua hayo: walikuwa wakishuka mashimoni na ndege mdogo wa manjano, kanari, ili ndege akilegea wao wakimbie hewa yenye sumu kabla haijawashika. Desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1986.

Basi tundu lisiwekwe jikoni kamwe. Jiko la makaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ile ile iliyowaogofya wachimbaji, isiyo na harufu wala rangi. Vikaango vya kisasa visivyoshika chakula navyo, vikisahauliwa motoni bila kitu mpaka vikapata joto la kupita kiasi, hutoa hewa imwuayo ndege kwa dakika chache, na mwenye nyumba asisikie neno. Ongeza hapo moshi wa sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza ya kuua wadudu, na manukato makali. Hata udi na ubani, vilivyo heshima ya nyumba nyingi za pwani, visifukizwe chumba alimo ndege. Mpeleke kwanza chumba kingine, ufungue madirisha, na umrudishe moshi ukiisha kabisa.

KUMTAZAMA KILA SIKU

Sasa twarudi pale tulipoanzia. Kwa kuwa ndege huficha ugonjwa wake, tutaujuaje?

Kwanza, mtazame kila asubuhi kabla hajajua kuwa watazamwa. Simama kando, kwa muda wa dakika tano. Ndege mzima ni mwenye macho ya kung'aa, manyoya yamelala mwilini, huruka huku na huku na kupiga kelele. Anayejifutua manyoya kama mpira mchana kutwa, akasinzia kwa miguu yote miwili juu ya kijiti, ana jambo. Anayepumua kwa mdomo wazi, au ambaye mkia wake hupanda na kushuka kila apumuapo, ni mgonjwa sana. Anayekaa chini ya tundu, asiweze kupanda, yu karibu na kufa, na saa moja ya kungoja ni nyingi.

Pili, tazama kinyesi chake juu ya karatasi unayotandika chini. Kinyesi chema kina sehemu ya kijani au hudhurungi iliyoshikana, sehemu nyeupe, na maji kidogo. Kikiwa maji matupu kwa siku nzima, au chenye damu, au kikipungua kuliko kawaida, hiyo ni habari. Kwa sababu hii tandika karatasi nyeupe kila siku, wala si machujo ya mbao.

Tatu, na hili lapita yote, mpime uzito. Nunua mizani ndogo ya jikoni ipimayo gramu moja moja, umzoeze ndege kupanda juu yake kwa kumpa punje ya alizeti. Mpime mara moja kwa juma, asubuhi, kabla hajala, uandike ndani ya daftari. Manyoya huficha kukonda, lakini mizani haidanganyiki. Ndege wa gramu 50 akipungua hata kufika 45 amepoteza sehemu moja katika kumi za mwili wake, ni kama mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7. Usingoje juma la pili. Asiye na mizani na ampapase kidari: mfupa wa kati ukijitokeza kama makali ya kisu, ndege amekonda.

Ukiona dalili hizi, mtenge na wenzake, umtie mahali pa kimya penye joto la digrii 30 hivi, kwa taa iliyofunikwa upande mmoja wa tundu, apate kusogea akiona joto limezidi. Mwekee maji na chakula karibu. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, pamoja na daftari lako na karatasi yenye kinyesi. Usimpe dawa za watu wala dawa ya kuku kwa kukisia. Kipimo kimfaacho kuku aliye na kilo mbili ni sumu kwa ndege huyu. Na kama wafuga kuku pia, weka mbali tundu lako na banda lao, na unawe mikono utokapo kwao, maana mdondo uwauao kuku huweza kumshika na kasuku.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Upo ugonjwa ambao kasuku aweza kumwambukiza mtu, uitwao homa ya kasuku. Vijidudu vyake vimo katika kinyesi na mavumbi ya manyoya ya ndege mgonjwa, na mtu huvivuta kwa pumzi. Katika miaka ya 1929 na 1930 homa hiyo ilienea Ulaya na Marekani kwa kasuku waliouzwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wengi walikufa. Siku hizi yatibika kwa dawa, mradi daktari ajue. Kwa hiyo ukishikwa na homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, nawe wafuga ndege, usikose kumwambia daktari hivyo. Na ili kujikinga, usifagie tundu likiwa kavu. Nyunyizia maji kwanza, ukunje karatasi taratibu, unawe mikono. Usimbusu ndege mdomoni, wala usimpe chakula kutoka kinywani mwako.

UKICHOKA NAYE

Siku ikifika ambayo huwezi tena kumfuga, usifungue mlango wa tundu ukasema umempa uhuru wake. Aliyezaliwa tunduni hajui kutafuta chakula wala kumkimbia mwewe, na wengi hufa kwa njaa au kwa makucha. Na wale wachache waponao huleta taabu nyingine. Kule Naivasha, Kenya, ambako aina hizi mbili za Tanzania hazikuwako kwa asili, ndege walioponyoka na kuachwa wamezaana wao kwa wao, na sasa makundi ya chotara yaruka huko. Mpe ndege wako mtu mwingine awezaye kumtunza, pamoja na daftari la uzito wake, ili bwana mpya aanze akijua.

Wasikilizaji wapenzi, huenda mtu akasema kwamba hii ni taabu kubwa kwa ndege mdogo kama huyu. Ni kweli ni taabu, naye asiyeitaka hakulazimishwa kufuga. Lakini ndege hakuja nyumbani kwako kwa hiari yake. Umemwondolea kundi lake, maji yake na mti wake, na mlango wa tundu waufunga wewe. Hawezi kwenda kutafuta jani bichi wala kukimbia moshi, na akiugua hatasema. Basi kesho asubuhi, kabla hujabadilisha maji yake, simama kando dakika tano umtazame, uandike uliyoyaona. Anayefanya hivyo kila siku ataona ugonjwa wa ndege wake ungali mapema, wakati daktari bado aweza kumsaidia.

Kwaherini.